Maji yanaingia vizuri, je yanatokea wapi?

Tukiitwa shambani kupima umwagiliaji swali la kwanza huwa ni pampu ya ukubwa gani na mipira ya aina gani, mi nauliza maji yakizidi yanatoka shambani kupitia wapi, watu wananiangalia tu.

Iko hivi. Mmea unakunywa maji ila chumvi karibu yote unaiacha kwenye udongo. Chukua maji yenye nusu gramu ya chumvi kwa lita, ukiyaonja hata hustuki, alafu mwagilia mita za ujazo 5,000 kwa hekta msimu mzima, hapo umeshamwaga tani 2.5 za chumvi bila kujua. Bila mtaro wa kuzitoa zinabaki humo humo, na maji ya chini yakipanda karibu na mizizi jua linayavuta juu yanakauka chumvi inabaki, ndo ule unga mweupe unaouona kwenye matuta. Wakulima wa Mesopotamia ya kale, kule Iraq ya leo, walishateswa nao.

Na mizizi inapumua jamani! Maji yakituama siku kadhaa hewa inaisha, majani yananyauka na kuwa njano, mtu anasema shamba lina kiu anaongeza mengine.

Kwa hiyo usimwagilie kwa kalenda. Milimita 1 ya maji kwenye hekta ni lita 10,000, na zao ambalo majani yake yameshafunika ardhi yote siku ya jua kali linaweza kutumia milimita 5 au 6, siku ya mawingu mazito huenda hata nusu yake isifike. Chimba sentimita 30 ushike udongo kwa mkono, juu panadanganya sana. Mchanga unataka maji kidogo kidogo mara kwa mara, mfinyanzi mpe mengi kiasi, polepole, alafu uuache.

Dripu, ile mipira yenye matundu ya kudondosha maji, ni nzuri, ikitunzwa maji mengi yanafika kwenye mizizi wakati mfereji wa udongo unaweza kupoteza hata nusu njiani, ila weka chujio na ufungue miisho ya mipira mara kwa mara uchafu utoke. Kitu wengi hawakijui, dripu inasukuma chumvi pembeni mwa lile duara la unyevu linalozunguka kila tundu, sasa kile kimvua kidogo cha kwanza baada ya kiangazi kinairudisha kwenye mizizi, so siku hiyo usizime dripu, iache itiririke mvua ikinyesha.