"Te creo" si kila "nakuamini"

Wanafunzi wengi wa Kihispania hudhani kwamba *creer* ndiyo "kuamini", basi yamekwisha. Sivyo. Kiswahili chetu kimelibebesha neno moja mizigo miwili: kusadiki maneno ya mtu na kumtegemea mtu mwenyewe. Kihispania huitenganisha.

Ukimwambia rafiki *te creo*, umesema tu kwamba alichosimulia ni kweli. Ukimkabidhi siri au funguo za nyumba, sema *confío en ti*, na hiyo *en* usiidondoshe. *Creo en ti* ni jambo jingine tena: nina imani nawe, utaweza. Ndiyo maneno ya kumpa mtoto asubuhi ya mtihani.

Kuna pia *fiarse de*: *no me fío de él*, simwamini. Nalipenda sana neno hili, kwa kuwa *fiar* ni kuuza kwa mkopo. Madukani hubandikwa *hoy no se fía, mañana sí*: leo hatukopeshi, kesho ndiyo. Ni ndugu wa "kukopa harusi, kulipa matanga" yetu.

Na *creo que* mara nyingi ni "nadhani" tu. Ukiikanusha, kitenzi kinachofuata hubadilika: *creo que viene*, nadhani anakuja, lakini *no creo que venga*, sidhani kama anakuja.