Wahungaria wa nje: aliyehama ni mtu au ni mpaka?

Mwaka 1887 msafara wa mamia ya wapagazi uliondoka Pangani kwenda bara. Miongoni mwa walioijua njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Mwenye msafara alikuwa Samuel Teleki, bwana wa ukoo mkubwa wa Kihungaria. Machi 1888 walifika kwenye ziwa ambalo wenyeji walilijua tangu enzi za mababu, naye akalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Sisi leo tunaliita Turkana.

Sasa tafuta kwenye ramani kijiji alichozaliwa Teleki, Sáromberke. Utakikuta Romania, kwa jina la Dumbrăvioara. Tafuta na Léva, alikozaliwa Kálmán Kittenberger, Mhungaria mwingine aliyekusanya wanyama wa Afrika Mashariki kwa ajili ya makumbusho ya Budapest. Mji huo uko Slovakia, unaitwa Levice. Wengi wakifika hapo huhitimisha kwamba wazazi wa watu hawa walikuwa wahamiaji. Na hapo ndipo dhana potofu inapoanzia.

"Wahungaria wa nje ni watu waliohama"

Baadhi yao, ndiyo. Lakini wengi wa wale wanaoishi katika nchi jirani hawakufunga mzigo hata siku moja. Juni 4, 1920, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mkataba wa Trianon uliiondolea Hungaria takriban theluthi mbili ya ardhi yake. Watu walilala wakiwa raia wa ufalme mmoja, wakaamka wakiwa wachache katika nchi ya wengine. Teleki alifariki mwaka 1916, hivyo hakuyaona. Wamaasai wa Kenya na Tanzania hawahitaji kuelezwa jambo hili: mstari huchorwa na watu walio mbali, kisha wewe uliyeko pale pale unaulizwa pasipoti.

Chukua Beregszász, ambao leo ni mji wa Berehove nchini Ukraine. Aliyezaliwa pale mwaka 1910 na kuishi hadi 1991 aliwahi kuwa chini ya Austria-Hungaria, Chekoslovakia, Hungaria tena kuanzia 1938, Muungano wa Kisovieti, na mwisho Ukraine. Nchi zote hizo, na nyumba ni ile ile.

Sensa za miaka ya karibuni zinaonyesha Wahungaria wapatao milioni moja Romania, zaidi ya 400,000 Slovakia na zaidi ya 180,000 Serbia. Ukraine sensa ya mwisho ni ya 2001, ilipohesabu zaidi ya 150,000. Tangu vita vya 2022 wengi wao wameondoka, na hao sasa ni wahamiaji kweli. Tangu 2011 mtu wa asili ya Hungaria anaweza kupewa uraia bila kuhamia huko, na waliopewa wameshapita milioni moja. Slovakia haikufurahia, ikatunga sheria ya kumvua uraia wake mtu anayechukua wa nchi nyingine. Mimi naona ni ukatili kumlazimisha bibi wa kijijini achague kati ya lugha ya mama yake na karatasi za nchi anayoishi.

Lakini tusiangukie upande wa pili. Wapo wanaosema ardhi yote iliyopotea Trianon ilikuwa ya Wahungaria. Siyo. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo waliokaa wengi walikuwa Waromania, Waslovaki, Waserbia na Wakroatia, nao walikuwa na malalamiko yao ya muda mrefu dhidi ya Budapest. Anayesimulia uchungu wa upande mmoja peke yake hajasimulia historia.

"Cleveland ulikuwa mji wa pili wa Wahungaria duniani"

Hii hurudiwa sana Marekani, na hata Wahungaria wenyewe huipenda. Ni kweli kwamba eneo la Buckeye Road, Cleveland, lilijaa makanisa, mabucha na maduka ya Kihungaria. Lakini kufikia 1920 mji wa Debrecen, ulioko Hungaria kwenyewe, peke yake ulikuwa na watu zaidi ya 100,000, na Wahungaria wa Cleveland hawakufika nusu ya idadi hiyo.

Wimbi lililobadilisha sura ya Wahungaria wa mbali lilikuja baadaye. Mapinduzi ya Hungaria ya 1956 yalipozimwa na vifaru vya Kisovieti, watu wapatao 200,000 walikimbia, wengi wakivuka kwa miguu hadi Austria wakati wa baridi. Kanada peke yake iliwapokea zaidi ya 37,000. Ferenc Puskás, aliyeifunga Uingereza Wembley mwaka 1953 katika ile mechi ya 6–3, alikuwa nje na klabu yake mapinduzi yalipotokea, akakataa kurudi. Baadaye akaichezea Real Madrid, na Kombe la Dunia la 1962 akavaa jezi ya Uhispania.

"Kihungaria ni kama Kirusi"

Hakina undugu na Kirusi wala Kijerumani. Ndugu zake wa karibu ni lugha ndogo za Siberia, Kikhanti na Kimansi. Kifini na Kiestonia ni binamu wa mbali. Na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. "Nakupenda" kwa Kihungaria ni *szeretlek*: neno moja, mpendaji na mpendwa wote wamo ndani. Mwanamume na mwanamke wote ni *ő*, kama "yeye" wetu. *Ház* ni nyumba, *házam* nyumba yangu, *házamban* nyumbani mwangu. Sisi tunarundika viambishi mbele ya kitenzi, wao hurundika mkiani. Majina nayo hutanguliza ukoo: kwao yule mchezaji ni Puskás Ferenc.

"Ukiiona Budapest umeimaliza Hungaria"

Budapest inastahili safari, sibishi. Treni yake ya chini ya ardhi ya mwaka 1896 ilikuwa ya kwanza katika bara la Ulaya, ukiiweka kando Uingereza. (Na siyo Bucharest, ambao ni mji mkuu wa Romania, angalia tiketi yako vizuri.) Lakini nenda Szeged. Mwaka 1879 mafuriko ya mto Tisza yaliubomoa karibu wote, ukajengwa upya, na sehemu za barabara yake ya mzunguko zikapewa majina ya miji iliyotoa msaada: London, Paris, Vienna, Roma. Huko huko Albert Szent-Györgyi alikamua vitamini C kutoka kwenye pilipili ya paprika, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Nenda Pécs, ambako msikiti wa Pasha Qasim wa enzi za Waturuki sasa ni kanisa, na bado una kuba lake.

Kuhusu pesa: Hungaria iko Umoja wa Ulaya tangu 2004 lakini hutumia forinti, siyo yuro. Ukiagiza *gulyás*, utaletewa supu. Rosti nzito unayoifikiria huitwa *pörkölt*.

Kisha vuka mpaka. Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, Pozsony kwa Wahungaria, ndiko wafalme wao walikotawazwa kuanzia 1563 hadi 1830. Cluj-Napoca ya Romania, yaani Kolozsvár, ndiko alikozaliwa mfalme Mátyás mwaka 1443. Romania iliingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kikamilifu Januari 1, 2025, kwa hiyo viza ile ile ya Schengen hukufikisha huko pia. Ukiwa na siku moja tu, chagua Komárom. Mji umegawanywa na mto Danube: kusini ni Hungaria, kaskazini ni Slovakia na unaitwa Komárno, wenye chuo kikuu kinachofundisha kwa Kihungaria. Daraja unalimaliza kwa miguu, na mwuza mkate wa ng'ambo yaelekea atakusalimu vile vile ulivyosalimiwa ulikotoka: *jó napot*.