Je, wajua kwa nini cheti kimoja chaweza kufichua kila unachoandika mtandaoni?

Unapofungua tovuti ya benki, kivinjari chako hakiijui benki hiyo. Kinaijua tu orodha ya mamlaka zinazotoa vyeti vya tovuti, yaani faili za kuthibitisha kuwa tovuti ni yenyewe. Orodha hiyo huja pamoja na kompyuta au kivinjari chenyewe. Kila mamlaka ina cheti chake kikuu, kiitwacho cheti cha mzizi. Tovuti ikileta cheti chake, kivinjari hufuatilia nani amekisaini. Akiwemo kwenye orodha, mambo yanaendelea. Asipokuwemo, unaonyeshwa onyo.

Sasa ukipokea cheti cha mzizi na kukisakinisha mwenyewe, umemwongeza mtu kwenye orodha hiyo. Ni sawa na kumkabidhi mgeni mhuri wa serikali ya kijiji: hujaidhinisha barua yake moja, umeidhinisha barua zote atakazoandika. Anaweza kusaini cheti chenye jina la benki yako, la barua pepe yako, la tovuti yoyote ile. Akijipenyeza katikati ya mawasiliano, tuseme kwenye Wi-Fi ya hoteli, atapokea nenosiri lako, atalisoma, kisha atalifunga upya na kulipeleka benki. Kivinjari hakitakuonya, maana kwake kila kitu kiko sawa.

Hili limeshatokea. Mwishoni mwa 2014 Lenovo iliuza laptopu zenye programu iitwayo Superfish, iliyokuwa ikipachika matangazo kwenye kurasa. Ili iweze kuingia hata katika kurasa zilizofungwa kwa usimbaji, yaani zilizogeuzwa fumbo zisisomwe njiani, ilisakinisha cheti chake cha mzizi. Kibaya zaidi, ufunguo wa siri wa cheti hicho, ule unaotumika kusaini vyeti vingine, ulikuwa mmoja kwa mashine zote, na ulikaa humo humo ndani ya laptopu. Februari 2015 mtafiti Robert Graham aliuchomoa. Nenosiri lililoulinda lilikuwa "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza teknolojia hiyo. Tangu hapo mtu yeyote mwenye ufunguo huo aliweza kujifanya tovuti yoyote mbele ya laptopu hizo. Na ukiiondoa programu, cheti kilibaki.

Novemba mwaka huo huo ikawa zamu ya Dell, na cheti kiitwacho eDellRoot, nacho kikiwa na ufunguo wake wa siri. Ukikifuta, programu nyingine ya Dell ilikirudisha.

Wakati mwingine anayeomba ni serikali. Julai 2019 wateja wa intaneti nchini Kazakhstan waliambiwa wasakinishe cheti cha taifa, na mawasiliano yao na tovuti kama Facebook na Google yakawa yanafunguliwa njiani. Mwezi uliofuata Google, Mozilla na Apple walikizuia cheti hicho kwenye vivinjari vyao.

Si kila cheti cha namna hii ni hila. Ofisi nyingi huviweka kwenye kompyuta zao ili kukagua mawasiliano, baadhi ya antivairasi hufanya hivyo, na watengenezaji wa programu huvitumia kwenye majaribio. Kompyuta ya ofisi ni ya ofisi. Lakini mwajiri, chuo au Wi-Fi ya bure ikitaka uweke cheti cha mzizi kwenye kompyuta yako binafsi, mimi nasema kataa, uombe mashine yao ya kufanyia kazi hiyo.

Kukagua si kazi ngumu. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika certmgr.msc, kisha fungua kabrasha la pili kutoka juu, liitwalo Trusted Root Certification Authorities. Usifute ovyo, kwani vipo ambavyo Windows yenyewe inavihitaji. Tafuta jina la programu uliyowahi kusakinisha au la mahali ulipowahi kufanya kazi. Firefox ina orodha yake, ingawa matoleo ya siku hizi husoma pia vyeti ulivyoongeza kwenye Windows. Ukikuta kisichostahili, ondoa kwanza programu iliyokileta, ndipo ufute cheti. Kisha badilisha manenosiri yote uliyoandika kwenye kompyuta hiyo, ukianza na la barua pepe.