Hakujisalimisha, Alitekwa

Juzi tena. Nimemaliza kuzungumza ukumbini kuhusu Cy Grant, mtu wa ndege za mabomu wa Vita vya Pili vya Dunia, watu wanaanza kukunja viti, mzee mmoja akanyanyua mkono. Marehemu baba yake alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, alipigana Burma. Akasema: "Mwalimu, baba yangu alishika bunduki msituni mpaka mwisho. Huyu wako alijisalimisha, akaenda kula mkate wa Wajerumani mpaka vita ikaisha. Unamsifia nini?" Watu wakatikisa vichwa kumuunga mkono.

Nimeulizwa hivyo ukumbini, kwenye simu, hata msibani. Nikamjibu, "Mzee wangu, ajisalimishe kwa nani, naye yuko mita elfu sita angani, usiku, ndege inawaka?" Hakuridhika, na kwa haki yake, maana jibu la dakika moja halitoshi. Basi nalijibu hapa kwa kirefu.

Huyo Cy Grant ni kijana mweusi wa Guyana ya Waingereza, Amerika ya Kusini, aliyeingia jeshi la anga la Uingereza mwaka 1941. Alikuwa mwongoza njia kwenye Lancaster, ndege ya mabomu ya Kiingereza, Kikosi cha 103, kambi ya Elsham Wolds. Naomba pia tuache kumwita kila mtu wa ndege "rubani". Rubani alikuwa mmoja. Wengine sita walikuwa na kazi zao: fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio, na wapiga bombomu (bunduki za rashasha) wawili, mmoja mgongoni mwa ndege na mwingine mkiani.

Usiku wa kuamkia Juni 26, 1943, wakirudi kutoka Gelsenkirchen, Ujerumani, ndege ya Kijerumani ya kuwinda usiku iliwapiga juu ya Uholanzi. Ilikuwa safari yake ya tatu tu, na zamu kamili ilikuwa safari 30. Wenzake wawili walikufa. Yeye alishuka kwa mwavuli kwenye mashamba ya Haarlemmermeer, baadaye polisi wa Kidachi akamkabidhi kwa Wajerumani. Mzungu aliyeangushwa Uholanzi aliweza kuvalishwa nguo za kiraia na kupitishwa nyumba kwa nyumba na watu wa siri mpaka mpakani. Mtu mweusi angejificha wapi katika kijiji cha Uholanzi mwaka 1943?

Neno linaloniudhi ni hilo "kujisalimisha". Kujisalimisha ni tendo: unaweka silaha chini, unanyanyua mikono, kuna adui mbele yako anayeipokea. Mtu wa ndege ya mabomu hakuwa na nafasi ya tendo hilo. Ndege yake ilikufa, naye akabaki hai bila kutarajia. Aliyemteka kwanza ni moto na mvutano wa ardhi. Askari wa chini alikuja baadaye kuokota.

Na kubaki hai kwenyewe tukuangalie vizuri. Mtu wa Lancaster, isipokuwa rubani, alivaa mikanda ya mwavuli tu. Mwavuli wenyewe, kifurushi cha kubana kifuani, ulikuwa kwenye rafu pembeni, kwa sababu nafasi haikutosha kuuvaa na kufanya kazi. Wa mkiani ndiye aliyekuwa na taabu zaidi: wake ulining'inia ndani ya mwili wa ndege, nje ya kibanda chake cha vioo. Ndege ikishika moto, ilimbidi akizungushe kibanda kilingane na mwili wa ndege, afungue milango mgongoni mwake, anyooshe mkono gizani auchukue, aubane kifuani, kisha atoke. Haya yote ndege ikiwa inazunguka kama tiara iliyokatika uzi, na mzunguko wenyewe ukimkandamiza ukutani. Wa mbele walitegemea tundu moja sakafuni, chini ya mlenga mabomu, lenye upana wa sentimita 56 hivi. Jaribu kupita hapo ukiwa na koti zito, viatu vya manyoya na kifurushi kifuani.

Freeman Dyson, aliyekuwa kijana wa hesabu kwenye makao makuu ya ndege hizo, alipiga hesabu ya waliotoka hai katika ndege zilizoangushwa. Kwa Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Kiingereza, kama robo. Kwa Lancaster, ndege iliyosifiwa kuliko zote, kama 15 kati ya 100. Watu 125,000 walipitia kazi hiyo upande wa Uingereza, 55,573 walikufa. Waliotekwa hawakufika 10,000. Kwa hiyo unapomwona mateka, umemwona mtu aliyepenya tundu la sindano ambalo wenzake walikwama.

Akifika chini alikuta watu aliotoka kuwapiga mabomu. Agosti 1944, mjini Rüsselsheim, Wamarekani wanane wa ndege ya mabomu walipitishwa barabarani na raia wakawashambulia, sita waliuawa. Grant aliponea hayo, lakini gazeti la chama cha Nazi lilichapisha picha yake na kuandika kwamba ni mtu wa jeshi la anga la Uingereza ambaye rangi yake haitambulikani.

Sasa huo mkate. Wengi wetu tumezoea mateka wa Kiitaliano waliojenga kale kakanisa ka Mai Mahiu na barabara ile ya mteremko, ndipo tunauliza mbona hawa wa ndege hawakufanya kazi. Jibu ni Mkataba wa Geneva wa 1929: ofisa halazimishwi kazi, na sajini hupewa usimamizi tu. Karibu kila mtu wa ndege ya Uingereza alikuwa na cheo cha sajini au zaidi. Basi walikaa. Huko Sagan, kambi ya mateka ya Stalag Luft III, walihesabiwa asubuhi na jioni wamesimama kwenye baridi, na chakula cha Wajerumani peke yake hakikumshibisha mtu. Vifurushi vya Msalaba Mwekundu ndivyo vilivyowaweka hai. Kopo tupu la maziwa ya unga lilikuwa mali: sufuria, kikombe, jiko, hata bomba la kupitishia hewa kwenye handaki la kutorokea. Mfungwa wa kawaida huhesabu siku zilizobaki. Mateka alihesabu nini?

Na si kila mtu alichimba handaki. Machi 1944 walitoka 76 kwa handaki. 50 walipigwa risasi kwa amri ya Hitler, 3 tu wakafika salama.

Kuna jambo linalonisumbua, na sitalifunika. Mwezi mmoja baada ya Grant kuangushwa, ndege kama yake ziliunguza Hamburg, raia zaidi ya 30,000 wakafa. Nikisema "shujaa" nawaona na hao. Nimeacha kulitumia neno hilo, na bado sijapata lingine la kuwatosha wote wawili, aliyekuwa juu na aliyekuwa chini.

Lakini mvivu hakuwa. Usiku wa Januari 27, 1945, Warusi wakikaribia, mateka kama 10,000 wa Sagan walitolewa kambini kwa miguu kwenye theluji. Walikuwa wamegonga mbao za vitanda na masanduku kuwa sleji za kuvutia mizigo. Siku chache mbele theluji ikayeyuka, sleji zikakwama kwenye tope, wakaziacha barabarani na chakula ambacho mgongo haukuweza kukibeba. Kisha wakasukumwa kwenye mabehewa ya mizigo. Grant alifikishwa Luckenwalde, kusini mwa Berlin, na Aprili 22 Warusi wakaingia. Hata hapo geti halikufunguliwa: waliendelea kushikiliwa wiki kadhaa, vita ikaisha wakiwa ndani ya seng'enge ileile.