Je, wajua? Sensa ya oksijeni hulaumiwa hata inaposema kweli

Taa ya injini inawaka, fundi anachomeka mashine, inasoma kodi (namba ya hitilafu) P0171: hewa imezidi petroli. Kwa miaka mingi kodi hiyo kwangu ilimaanisha kitu kimoja, nunua sensa mpya ya oksijeni. Nilinunua moja hapa Dodoma, na kabla sijafika Kibaigwa taa ilikuwa imerudi. Nilidhani kodi inataja kifaa kilichokufa. Kumbe inataja taarifa iliyopokelewa, na mtoa taarifa mara nyingi ni sensa yenyewe, nzima kabisa.

Sensa hii haijui petroli hata kidogo, inalinganisha oksijeni tu. Chukua simtanki mbili zilizounganishwa kwa bomba: moja ikijaa na nyingine ikiwa tupu, maji hukimbia kwa nguvu, zikikaribia kulingana, nguvu inaisha. Ndani ya sensa kuna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia, upande mmoja hewa ya nje, upande mwingine moshi wa eksozi. Moshi ukikosa oksijeni, tofauti ni kubwa na umeme hufika karibu volti 0.9. Moshi ukiwa nayo nyingi, volti hushuka hadi kama 0.1. Na bomba hilo, yaani kauri, hufunguka kwa joto tu, nyuzi 300 hivi, ndiyo maana sensa nyingi zina hita ndani.

Hapo ndipo ajabu yake. Plagi isipochoma, petroli inatoka mbichi, lakini oksijeni yake nayo inatoka bila kutumika. Sensa inaiona hiyo tu, kompyuta ya gari inadhani hewa imezidi, inaongeza petroli juu ya petroli. Eksozi ikipasuka kabla ya sensa, hewa ya nje hunyonywa ndani na matokeo ni yale yale.

Kwa hiyo sikiliza eksozi injini ikiwa baridi, kagua plagi na mipira ya hewa iliyochanika. Kisha injini ikipata moto, pima volti: chomoa mpira mmoja wa vakyumu (ule injini inaonyonyea hewa), zishuke, rudisha, kanyaga mafuta ghafla, zipande. (Magari mengi ya karibuni yana sensa ya aina nyingine inayofanana kwa sura, vipimo hivi haviihusu.)

Volti zikiganda popote unapofanya hivyo, na fyuzi ya hita na nyaya ni nzima, basi sensa imekufa kweli.