Tanga 1914: gavana alikataza, kamanda akapigana

Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki lilikuwa na wakubwa wawili wasiopatana. Gavana Heinrich Schnee, mwanasheria, alikuwa madarakani tangu 1912. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la koloni, alikuwa amefika Januari 1914. Kisheria gavana ndiye aliyekuwa juu. Hata jeshi lilikuwa chini yake. Wengi wanaosimulia vita hivi hulipita jambo hilo haraka ili wafike kwenye ushujaa wa kamanda. Mimi ninayesomea historia ya vita naona kiini chenyewe kiko hapo.

Schnee alitaka koloni libaki nje ya vita. Alishikilia Mkataba wa Berlin wa 1885, ulioruhusu makoloni ya bonde la Kongo yasiegemee upande wowote. Hofu yake ilikuwa na msingi: Maji Maji ilikuwa imekwisha miaka saba tu nyuma, na kusini nchi ilikuwa bado haijapona. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea ilipopiga mizinga kituo cha simu ya upepo cha Dar es Salaam, upande wa gavana ulikubali mapatano: Dar es Salaam na Tanga zisishambuliwe, nazo zisitumike kivita.

Lettow-Vorbeck alikuwa na hesabu nyingine. Kwake, hatima ya koloni ingeamuliwa Ulaya. Kazi yake ilikuwa kuwavuta Waingereza wengi iwezekanavyo wabaki Afrika, wasiende Ufaransa. Kijeshi, sina la kumkosoa. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na reli ya Uganda, ambayo Waingereza wasingeweza kuiacha bila ulinzi. Tarehe 15 Agosti askari wake waliiteka Taveta.

Tarehe 2 Novemba manowari Fox ilifika Tanga. Nahodha Caulfeild alimwita mkuu wa wilaya, Auracher, akamwambia mapatano yamevunjwa na mji usalimu amri. Auracher akaomba muda wa kuwauliza wakubwa wake. Nyuma ya Fox zilikuwa zinakuja meli zenye wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Agizo la gavana lilikuwa Tanga isipiganiwe, ili mji usivunjwe kwa mizinga. Kamanda akasema lawama atazibeba mwenyewe, akawateremsha askari kwa treni kutoka Moshi. Caulfeild naye, kwa kuhofia mabomu ya majini, alipoteza saa nyingi akisafisha bandari. Kufikia tarehe 5 jeshi hilo kubwa lilikuwa limerudishwa melini na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika, likaacha nyuma bunduki, bombomu na malaki ya risasi.

Baada ya Tanga, neno la gavana halikuwa na uzito tena katika mambo ya vita, na hilo ndilo linalonisumbua. Ushindi ule ulionyesha kwamba Tanga ingeweza kulindwa. Haukuonyesha nchi itakula nini ikipiganiwa miaka minne. Swali hilo la pili ni la utawala, wala jemadari hafunzwi kulijibu. Majeshi ya pande zote yalizoa chakula na wanaume vijijini. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na Ugogo ikaingia katika njaa ya Mtunya. Machi 1919 kamanda alishangiliwa Berlin kama shujaa, na hadi leo hupimwa kwa mapigano aliyoshinda. Kipimo hicho hakiwahesabu wapagazi.

Simfanyi Schnee kuwa mtetezi wa wenyeji. Alilinda mali na utawala wa Wajerumani, na mpango wake ulikuwa na tundu kubwa: usingefanikiwa bila Waingereza kukubali, nao hawakukubali. Lakini uamuzi ulikuwa wake kisheria, na ulipopuuzwa hakubaki mtu wa kumwambia kamanda basi, kwa kuwa mawasiliano na Berlin yalikuwa karibu yamekatika kabisa. Tabora ilianguka Septemba 1916. Novemba 1917 jeshi lilivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na gavana akavuka nalo, hana tena nchi ya kutawala. Liliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, Schnee alikuwa bado yumo msafarani, gavana kwa cheo tu.