Je, wajua kwa nini mtu anaweza kuua na asihukumiwe kwa "mauaji"?

Saluni ninakonyolea redio haizimwi. Juzi taarifa ya habari ilitaja mtu aliyempiga mwenzake kwa mchi hadi akafa, akatiwa hatiani kwa "kuua bila kukusudia"; fundi akasimamisha mashine katikati ya kichwa changu. "Bila kukusudia vipi, na mchi kaubeba mwenyewe?"

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Kitenzi kuua hakina habari na nia ya mtu. Simba anaua, kipindupindu kinaua, na basi likipinduka gazeti linaandika "Basi laua" bila yeyote kuuliza basi lilipanga nini. Neno mauaji ndilo lenye sura mbili. Mtaani ni kifo chochote kilichotoka mikononi mwa mtu. Mahakamani ni kosa moja tu, la kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania: kusababisha kifo cha mwenzio kwa dhamira ovu, iwe kwa kutenda au kwa kuacha kutenda jambo, kinyume cha sheria. Adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa, ingawa tangu 1994 hajanyongwa mtu Tanzania. Kenya nayo ina kosa hilo hilo, ila Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ulazima wa hukumu ya kifo, jaji akaachiwa nafasi ya kupima.

Dhamira ovu isipothibitika, kinachobaki ndicho kuua bila kukusudia. Hapo kifungo cha maisha ndiyo dari, na chini ya dari hiyo jaji anaweza kushuka sana. Wengi wanakumbuka kesi ya kifo cha mwigizaji Steven Kanumba, Aprili 2012. Elizabeth Michael, maarufu Lulu, alifikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa shtaka la mauaji, ambalo halina dhamana. Shtaka lilipobadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, dhamana ikawezekana, na Januari 2013 akatoka. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimhukumu kifungo cha miaka miwili. Marehemu ni yule yule na usiku ni ule ule, lakini maneno "bila kukusudia" yalitosha kuhamisha kesi nzima.

Sasa turudi kwa mchi, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. "Sikutaka kumuua, nilitaka nimvunje mguu tu." Utetezi huo unamchimbia kaburi anayeutoa. Kwa sheria, dhamira ovu si lazima iwe nia ya kuua. Nia ya kumdhuru mtu vibaya inatosha. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kupasua moyo wa mtu akasoma kilichomo, mahakama hutazama alama za nje: silaha gani, imetua wapi mwilini, mapigo mangapi, mshtakiwa alisema nini kabla, na baadaye alikimbia au alimbeba majeruhi kumpeleka hospitali. Mchi mmoja begani na michi mitatu kisogoni haviandikwi kwenye hati moja. Aliyechokozwa akapandwa na ghadhabu papo hapo, akapiga kabla damu haijapoa, naye anaweza kushushwa kutoka mauaji; aliyekwenda nyumbani, akala, akalala, kisha akarudi na panga, hasira yake haihesabiwi tena.

Ndiyo maana misemo miwili ya habari zetu hunikera. Wa kwanza ni "wivu wa mapenzi", unaotajwa kama chanzo cha kifo utadhani ni malaria. Wa pili ni "wananchi wenye hasira kali". Kibaka kapigwa mawe hadi kafa, na habari inaishia hapo, kana kwamba hasira kali ni cheo kinachompa mtu kibali. Sheria haiwatambui wananchi hao. Waliokusanyika kwa nia moja wakampiga mtu hadi akafa wanaweza kushtakiwa wote kwa mauaji, hata yule aliyerusha jiwe moja dogo.

Idadi ya waliokufa ikiongezeka, maneno hubadilika tena. Mauaji ya halaiki yanahesabu vichwa: watu wengi wameuawa kwa pamoja. (Halaiki hiyo hiyo ndiyo ya watoto wanaopanga maumbo uwanjani siku ya sherehe za taifa; maana yake ni umati tu.) Mauaji ya kimbari ni jambo jingine. Mbari ni ukoo, jamaa wa asili moja, na kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 kosa hili halipimwi kwa wingi wa maiti. Linapimwa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu, lote au sehemu yake, kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yao. Kwa hiyo halaiki inaweza isiwe kimbari.

Tofauti hiyo ilipimwa hapa hapa Arusha, kwenye mahakama iliyoundwa kushughulikia mauaji ya Rwanda ya 1994. Tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba, akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Vifo vya Taba peke yake havikutosha kwa hukumu hiyo. Ilibidi majaji waridhike kwanza kwamba walioviandaa walikusudia kuwafuta Watutsi kwa kuwa ni Watutsi.